Matokeo ya Msalato yasomwe kwa hesabu kamili



Kila mwaka Baraza la Mitihani la Taifa linapotoa matokeo ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, yako majina machache ya shule za serikali ambayo wananchi huyatafuta kwanza. Majina hayo ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Hizo ndizo shule za vipaji maalumu. Zikifanya vizuri, watu husema ndivyo inavyopasa. Zikiteleza kidogo, watu huuliza kumetokea nini. Mazungumzo haya yanaihusu mojawapo, yaani Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Msalato, mkoani Dodoma, na yana swali moja: je, matokeo ya shule ya namna hii yasomwe vipi, na yanamdai nini mtu anayeyasoma, hasa akiwa ni mwalimu au mtumishi wa umma?

Msalato iko kaskazini mwa mji wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa, Babati na Arusha. Nchi yenyewe ni ile ya uwanda wa kati ambayo watumishi waliohamia Dodoma wameizoea sasa: msimu wa mvua ni mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Zamani shule hii ilikuwa pembeni, mbali na macho ya wakubwa. Lakini uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, hatua ya serikali kuhamia kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, vimeifanya Msalato kuwa jirani wa ofisi zinazoamua mambo ya shule zote nchini. Mwaka 2022 liliwekwa jiwe la msingi la kiwanja cha ndege cha kimataifa katika eneo hilohilo la Msalato. Kwa hiyo mtu anayetaka kuona shule nzuri ya wasichana hahitaji kwenda mbali. Ujirani huo ni heri, lakini una hatari yake, kwa kuwa ni rahisi kwa mkubwa kudhani kwamba shule iliyo karibu na meza yake ndiyo sura ya shule zote.

Ndiyo maana yafaa matokeo ya Msalato yasomwe kwa hesabu kamili, wala si kwa jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa peke yake.

Hesabu ya kwanza ni ya kile mwanafunzi alichokuja nacho. Msichana hafiki kidato cha kwanza Msalato kwa bahati nasibu. Amechaguliwa kwa sababu ya alama zake za juu katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Aghalabu ni yule binti ambaye daftari lake ndilo lililoazimwa na darasa zima, na ambaye mwalimu wake alimpa chaki awasimamie wenzake. Sasa, mkulima aliyechambua mbegu nono kuliko zote ghalani, akazipanda bondeni penye unyevu, hawezi kumcheka jirani yake aliyepanda mbegu zilizobaki juu ya mawe. Akivuna magunia mengi, amefanya lililotarajiwa. Kipimo cha ukulima wake ni kama mavuno yanalingana na mbegu ile na ardhi ile.

Hapa ndipo madaraja ya mtihani yanapoweza kumpumbaza msomaji. Katika kidato cha nne daraja la kwanza huanzia pointi 7 na kuishia pointi 17, zikihesabiwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni pointi 2, na C ni pointi 3. Msichana mwenye A saba ana pointi 7. Msichana mwenye B nne na C tatu ana pointi 17. Wote wawili wameandikwa daraja la kwanza, na shule yao yaweza kutangaza kwa furaha kwamba haikupata hata daraja la pili moja. Walakini, ikiwa yule mwenye pointi 17 aliingia akiwa miongoni mwa wasichana bora wa mkoa wake, basi kuna kitu kilichopotea njiani baina ya kidato cha kwanza na cha nne, na tangazo la furaha limekificha. Kwa upande wa pili, mtazame msichana wa shule ya kata aliyeingia kwa alama za kawaida, akatoka na B tatu na C nne, yaani pointi 18. Yeye ameandikwa daraja la pili. Tofauti baina yake na yule mwenzake ni pointi moja, lakini mmoja amepanda kilima na mwingine ameteremka. Karatasi ya matokeo haisemi hivyo. Ni mwalimu tu anayejua walikotoka awezaye kusema.

Hesabu ya pili ni ya saa. Msichana wa bweni huamshwa na kengele alfajiri. Hufanya usafi, huhudhuria paredi, huingia darasani, hula chakula cha mchana palepale shuleni, na usiku huketi kwenye maandalio chini ya taa huku mwalimu wa zamu akipita. Maisha hayo si ya anasa. Maji yakikatika hubeba ndoo, ugali na maharage humchosha, na akiugua usiku humlilia mama aliye mbali. Hata hivyo siku yake, kwa sehemu kubwa, imepangwa ili asome.

Mwenzake wa shule ya kutwa huko Bahi, Chamwino, Chemba au Mpwapwa ana siku ya namna nyingine. Aghalabu huianza kwa kuchota maji. Hutembea kwa miguu, pengine mwendo mrefu, naye huingia darasani akiwa amekwisha choka. Pasipokuwa na chakula cha mchana hushinda na njaa, na somo la hisabati linalofundishwa saa nane mchana humpita kama upepo. Jioni zinamsubiri kuni, jiko na mdogo wake wa mgongoni. Giza likiingia, ndipo kitabu kinapopata nafasi. Na iwapo nyumbani ni mbali mno hata akapangiwa chumba karibu na shule, basi huishi peke yake bila mlezi, katika umri ambao binti anamhitaji mlezi kuliko kitu kingine chochote.

Chukua mfano mwepesi. Ikiwa msichana wa bweni anapata saa tatu za kujisomea kila siku, na wa kutwa anapata saa moja, tofauti yao ni saa mbili. Kwa mwaka wa masomo wenye siku 194, tofauti hiyo ni saa 388. Kwa miaka minne ni saa 1,552. Mtu akiwaona wasichana hao wawili katika chumba cha mtihani, wenye karatasi moja na kalamu zinazofanana, anaweza kuamini kwamba wanashindana kwa haki. Kwa kweli mmoja amepewa saa 1,552 ambazo mwingine hakupewa. Kwa hiyo siri kubwa ya shule kama Msalato si vichwa peke yake. Ni saa pia, na saa, tofauti na vichwa, serikali na jamii wanaweza kuzigawa.

Hesabu ya tatu ni ya lugha. Binti aliyetoka shule ya msingi ya serikali amejifunza hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Akivuka mlango wa sekondari, masomo yaleyale yanamjia kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake walimu wanayajua bila kusimuliwa. Msichana aliyekuwa akiuliza maswali matatu kwa kila kipindi katika darasa la saba hunyamaza kimya katika kidato cha kwanza, si kwa sababu akili imemtoka, bali kwa sababu maneno yamemtoka. Penye vitabu vya kutosha na wenzake wepesi wa kujifunza, huenda kimya hicho kikadumu miezi michache. Pasipo na hayo kinaweza kudumu miaka minne, na mwanafunzi akajifunza kukariri asichokielewa. Yeyote anayelinganisha shule mbili bila kuikumbuka hesabu hii analinganisha mdomo uliofunguliwa na mdomo uliofungwa.

Ndugu walimu, kuna jambo katika maisha ya wanafunzi wa shule za namna hii ambalo halionekani katika karatasi yoyote ya matokeo. Darasa la kidato cha kwanza katika shule ya vipaji maalumu ni darasa la watoto waliozoea kuwa wa kwanza. Sasa wako pamoja arobaini, na mtihani wa kwanza ukisahihishwa ni lazima mmoja wao awe wa arobaini. Binti huyo hakupungua akili tangu alipoagana na kijiji chake. Amebadilisha wenzake tu. Lakini orodha ikibandikwa ukutani, jina lake likiwa chini kabisa, yeye hasomi hivyo. Husoma kwamba alidanganywa tangu darasa la kwanza. Wengine huona haya kuwaandikia wazazi. Wengine hujitesa kwa kusoma usiku kucha, na wengine hukata tamaa wakachagua masomo wanayoyaona mepesi, wakaiacha fizikia na hisabati ambazo ndizo zilizowaleta. Mwalimu mwenye busara humwita binti huyo pembeni, akamwonyesha pale alipokosea, akamlinganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mwalimu asiyejali humlinganisha na aliyekuwa wa kwanza, tena mbele ya paredi. Baina ya walimu hao wawili ndipo zinapopatikana au kupotea pointi zile kumi zilizofichwa ndani ya daraja la kwanza.

Kadhalika yapo mambo ya sanduku. Shule za namna hii hupokea wasichana kutoka mikoa mingi, nao huja na mali zisizolingana. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 kwa kidato cha tano na cha sita. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini fomu ya kujiunga na shule ya bweni kwa kawaida bado ina orodha ya godoro, shuka, ndoo, sare na vifaa vingine, na nauli ya kutoka mkoa wa mbali mpaka Dodoma hailipwi kwa maneno. Siku ya kutembelewa, wako wanaopelekewa vikapu, na wako ambao mzazi wao hawezi kufika hata mara moja katika miaka minne. Wajibu wa matroni, wa dada mkuu na wa viranja wenzake ni kuona kwamba bweni halijigawi makundi mawili kwa sababu ya vikapu hivyo. Shule inayowakusanya watoto wa taifa zima inawafundisha kuishi pamoja kabla haijawafundisha kanuni za kemia, na somo hilo halina mtihani wa taifa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa miaka mingi matokeo yalitangazwa pamoja na orodha ya shule kumi bora na wanafunzi bora. Magazeti yalizipamba, wazazi walizikata na kuzihifadhi. Katika miaka ya karibuni orodha hiyo ilikuwa imejaa shule zisizo za serikali, nyingi zikiwa zinalipiwa fedha nyingi. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha utaratibu huo, likieleza kwamba shule hazifanani katika mazingira yake, na hivyo kuzishindanisha hakuna tija. Wako waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Lakini ushindani wa kweli haukuhitaji orodha ile. Shule ishindane na mbegu iliyopokea. Na shule ya kata inayompokea mtoto mwenye alama hafifu ikamfikisha daraja la pili, hiyo iende Msalato ikaeleze ilivyofanya, na walimu wa Msalato wakae chini wasikilize.

Je, basi, shule za vipaji maalumu zivunjwe? Wako wasemao hivyo, kwa hoja kwamba kuwaondoa wasichana wazuri katika shule za kata ni kuziacha shule hizo bila taa. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Itakumbukwa kwamba katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume mwaka 2013 kuchunguza sababu, na matokeo yale yakapangwa upya. Wengi walioumia ni watoto wa shule za kata, zilizoongezeka kwa haraka baada ya kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004. Hata hivyo, kuivunja Msalato hakuwezi kumpa mtoto wa Chemba mwalimu wa fizikia. Kutamwondolea binti wa mkulima mlango mmoja alionao wa kuingia katika shule yenye maabara, maktaba na taa bila kuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi. Siku mlango huo utakapofungwa, elimu bora ya wasichana itabaki kuwa ya wenye fedha. Hilo halitakuwa usawa.

Kwa hiyo shule hiyo ibaki, lakini ijulikane inabaki kwa sharti gani. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali akawaletee wenzake chakula. Mtu huyo akila asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo unaeleweka Dodoma kuliko mahali pengi. Ugogo umewahi kuonja njaa kubwa, nayo Mtunya ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza ingali inatajwa na vizazi ambavyo havikuiona. Mtu wa Ugogo hahitaji kufafanuliwa maana ya kutoa chakula cha mwisho kwa ajili ya safari ya mmoja. Wasichana wa Msalato ndio waliopewa chakula hicho: saa, walimu, vitabu na taa. Kijiji kina haki ya kutazama barabarani kuona kama wanarudi.

Lakini kurudi kusingoje mpaka msichana awe daktari au mhandisi. Yako mambo yanayoweza kufanywa sasa.

Kwanza, kila shule, iwe ya vipaji au ya kata, iandike alama ambazo kila mwanafunzi aliingia nazo na ambazo ametoka nazo, na ofisa elimu asome safu zote mbili kabla ya kumpongeza au kumlaumu mkuu wa shule. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya, kwa kuwa alama zote mbili zimo katika kumbukumbu za serikali.

Pili, shule za vipaji ziwafungulie majirani milango. Maabara inayokaa bure Jumamosi yaweza kupokea wasichana wa shule za kata zilizo jirani kwa jaribio moja la kemia ambalo wengine hulisoma katika kitabu tu. Mitihani ya majaribio, maswali yaliyosahihishwa na mbinu za walimu wazoefu zigawiwe, zisifungiwe kabatini kama siri ya ushindi.

Tatu, shule ya kutwa ipewe saa. Hosteli zilizojengwa na wananchi zikamilishwe na ziwe na mlezi. Wazazi na viongozi wa kijiji wakubaliane juu ya uji au makande ya mchana, maana mtama wa Dodoma unatosha kwa kazi hiyo katika mwaka wa mvua. Shule ikae wazi jioni chini ya mwalimu wa zamu, ili msichana apate hata saa moja ya mwanga kabla ya kurudi kwenye kuni na jiko.

Nne, serikali imejiwekea mpango wa kujenga shule za bweni za wasichana kwa masomo ya sayansi katika mikoa 26 ya Tanzania Bara. Huo ni upanuzi wa fursa ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya wachache. Waangalizi wa mpango huo wawe macho, shule hizo zisije zikawa chujio la pili la kukusanya waliobaki wazuri na kuzidi kuziacha shule za kata tupu. Zipelekewe pia msichana mwenye kiu ya sayansi ambaye alama zake ziliangushwa na umbali, maji na njaa.

Ndugu watumishi wa umma, wengi wenu mnapita Msalato mkiwa safarini kwenda kaskazini, na pengine mnasimama kidogo mkitazama wasichana wenye sare wakitoka paredi. Ni haki kufurahi. Wasichana hao wamefanya kazi, na walimu wao wamefanya kazi. Lakini gari likiendelea na safari, mtumishi asizime hesabu hapo. Mbele ya Msalato kuna shule nyingine, na mbele ya hiyo kuna nyingine, zisizo na kibao kinachosomeka barabarani. Huko nako kuna binti wa kidato cha pili mwenye akili ileile, anayetembea kwenda nyumbani wakati wa jua kali bila kula. Mkaguzi na aingie humo pia, akae darasani kipindi kizima, aulize wasichana wamekula nini na watasoma saa ngapi usiku, kisha majibu hayo ayapeleke ofisini kwake Dodoma pamoja na matokeo ya Msalato, yasomwe kwenye meza moja.